Wasiolala: Kuwaandika Wajanja wa Sayari Nyingine Ukiwa Mwanza

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi alasiri kwa wenzetu wa kikundi cha wasomaji na waandishi hapa Mwanza. Wengi mlikosa. Wengine mlikuwa msibani Magu, wengine mvua iliwafungia Igoma, na mmoja aliniambia bila kupepesa macho kwamba kulikuwa na mpira. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Karibu zote zilikuwa za kamongo.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo? Na ninyi wadogo mliokaa chini huku mbele kwa sababu viti vimekwisha, hamjambo? Mwadila wote!

Nimeombwa nizungumze juu ya viumbe wa sayari nyingine, hasa yale makundi ya wajanja wachache wanaowaendesha wenzao. Nilipokuwa naingia, mama mmoja pale mlangoni, nadhani ametoka moja kwa moja sokoni maana ndoo yake anayo, akaniuliza: "Mwalimu, hapa kwetu hata maji ya bomba yanakuja kwa zamu. Wewe unatupeleka sayari ipi?" Mama, nimelisikia swali lako. Jibu lake linaanzia hapa hapa Mwanza, Kirumba, si angani. Nivumilie.

Na asitokee mtu wa kuniambia mambo ya angani ni ya Wazungu. Fasihi yetu ya Kiswahili ina nchi inayoelea angani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ndani yake mna mawaziri wenye hila za kutosha. Mliosoma fasihi sekondari mnaijua. Siitaji jina, maana naona humu wapo iliowafelisha.

Mwaka huu nimesoma miswada kumi na mmoja ya vijana wetu. Nimeisoma yote, hata ule ulioandikwa nyuma ya daftari la hesabu. Na karibu kila mswada una sayari, na kila sayari ina watawala wa siri. Wanavaa majoho meusi. Macho yao mekundu. Wanakaa kwenye mnara. Usiku wanacheka peke yao, na mwandishi ameandika "ha" sita mfululizo, nimezihesabu.

Sasa ndugu zangu, nawauliza. Nani humu ndani amewahi kudhulumiwa na mtu aliyevaa joho jeusi akicheka peke yake kwenye mnara? Nyoosha mkono. Sioni mkono. Haya. Nani amewahi kudhulumiwa na mtu aliyekuja kwenye msiba wake, akakaa jamvini, akatoa rambirambi kubwa kuliko wote? Naam. Naam. Shusheni, imetosha, tusije tukataja watu.

Hapo ndipo ninapotaka tuanzie.

Nilikulia kwa mjomba wangu, mvuvi wa dagaa. Watu wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, mnajua: dagaa huvuliwa usiku, tena usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazina kazi, watu wanakunja nyavu na kusubiri giza lirudi. Enzi hizo zilikuwa karabai. Ukisimama ufukweni unaziona zimejipanga juu ya maji kama mji mwingine, mji unaozimika alfajiri. Mjomba alikuwa anatoka jioni, anarudi kunakucha, nguo zimelowa, macho mekundu. Huyu ndiye mwenye macho mekundu ninayemjua mimi, jamani, na wala hakuwa mtawala wa siri. Anashusha dagaa, anakula kiporo, analala.

Siku ya wengine ndiyo inaanza hapo. Mjomba amelala, dagaa wanapimwa. Mjomba amelala, dagaa wanaanikwa mchangani. Mjomba amelala, mnunuzi anafika, bei inatajwa, karani anaandika. Tajiri, yule mwenye mtumbwi na taa na nyavu, hakuwahi kumpiga mtu. Hakuwahi hata kumtukana mtu. Mtoto akiugua usiku, kwa tajiri ndiko pa kukimbilia, na anatoa. Giza likiisha wavuvi wanaitwa chini ya mwembe, daftari linafunguliwa. Mabeseni kadhaa. Toa mafuta ya taa. Toa unga uliochukua. Toa dawa ya mtoto. Toa nyavu iliyochanika. Kinachobaki, mjomba alikuwa anakifunga kwenye pembe ya leso na bado leso inakunjika vizuri.

Siku moja, nilikuwa darasa la nne na ndiyo nimejifunza kujumlisha makundi, nikamwuliza: "Mjomba, kwani mabeseni yalikuwa mangapi?" Akanitazama. Akasema, "Mimi nalala. Daftari halilali."

Hakusema kwamba ameibiwa. Huenda hakuibiwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: hakuwa na njia ya kujua.

Sasa nije kwa kamongo. Watoto, kamongo mnamjua? Yule mrefu kama nyoka, mnene, ambaye wengine hapa hamumli na wengine mnamla mpaka mnalamba vidole. Kamongo ana mapafu. Anakuja juu ya maji kuvuta hewa kama mimi na wewe. Na wapo ndugu zake, hasa wa Afrika Magharibi, ambao maji yakikauka hujichimbia kwenye tope, wakajikunja, wakajifunika ute. Ule ute unakauka, unakuwa kama karatasi, unabaki na kitundu cha kupumulia mdomoni. Humo analala miezi na miezi. Mwili unapunguza kazi zote, anaishi kwa kuila misuli yake mwenyewe. Mvua ikirudi, tope likalainika, anaamka.

Nikamchukua kamongo, nikamchukua mjomba, nikawapeleka mbali sana. Sayari yenyewe nimeiita Kaukwe. Ni yangu mwenyewe, msiitafute kwenye ramani ya nyota.

Kaukwe ni nchi ya tope na maji. Njia yake ya kulizunguka jua imevutika kama yai. Ikiwa mbali na jua, mvua na mito. Ikisogea karibu, kila kitu kinakauka mpaka mwamba unapasuka. Wa fizikia mnajua kwamba sayari ikilikaribia jua hukimbia, kwa hiyo kiangazi chake ni kifupi kuliko masika. Kwa hesabu ya miaka ya kwetu, masika ni kama miaka thelathini. Kiangazi ni miaka saba, au minane, au tisa. Haiwi sawa kila mara kwa sababu kuna sayari jirani kubwa inayoivutavuta.

Mmeisikia ile "au"? Saba, au minane, au tisa. Hiyo "au" ndiyo hadithi nzima.

Kiangazi kikija, Wakaukwe wote hujichimbia kwenye tope na kulala. Wote, isipokuwa wachache. Hao wachache wanaitwa Wakeshaji.

Mnafikiri Wakeshaji walianzaje? Kwa jeshi? Kwa uchawi? Hapana, ndugu zangu. Walianza kwa sadaka. Mtu aliyelala hajui kiangazi kimefika wapi. Akiamka mapema anakufa kwa joto. Akichelewa, mafuriko ya kwanza yanamkuta tumboni mwa tope na anazama. Lazima awepo wa kumwamsha. Na anayelala kule hazeeki, ila anayekesha anazeeka. Kwa hiyo wa kwanza walipigiwa kura, na walipopatikana, mji mzima ulilia. Kijana wa miaka ishirini anaagana na mchumba wake. Mchumba akiamka atakuwa vilevile, yeye ana mvi za mapema, ngozi imekatika kwa jua, wenzake wanne wamekufa mapangoni. Ukiwa wewe umeamshwa salama na mtu huyo, utamnyima kitu gani?

Hutamnyima kitu. Basi ikawa mavuno ya kwanza ya masika ni yao. Ukatungwa wimbo wa kuwashukuru. Ikawa mtoto wa Mkeshaji hachimbi mfereji.

Vijana, ninyi mnaoandika, nisikilizeni hapa kuliko mahali pengine popote. Usimpe mjanja wako silaha kwanza. Mpe shukrani kwanza. Mpe kazi ya kweli, kazi ambayo ikikosekana watu watakufa kweli. Hapa Usukuma tuna Bayeye, wale wachezaji wa nyoka. Watu wanawaogopa, wanasema wana lugha yao na siri zao, na ni kweli wana siri zao. Ila ukigongwa na nyoka shambani saa kumi jioni, unamkimbilia nani? Siri ya Bayeye ina dawa ndani yake, ndiyo maana imedumu. Siri isiyo na dawa ndani haidumu hata misimu miwili. Sisemi Bayeye ni wabaya, Mzee wangu pale nyuma usininunie. Nasema mwandishi ajifunze jinsi siri na huduma zinavyolala kitanda kimoja.

Vizazi vikapita. Wakeshaji wakagundua kwamba hawahitaji kukesha wote. Wakagawana zamu kimyakimya ndani ya mapango: huyu anakesha mwaka mmoja, analala sita. Hawazeeki tena. Wimbo wa shukrani ukaendelea kuimbwa vilevile, na wao, siku ya kuwaamsha watu, wakawa wanajipaka majivu kichwani yaonekane kama mvi.

Yale majivu niliyapenda sana nilipoyapata. Niliyapata nikiwa kwenye daladala ya Buzuruga, nikapitiliza kituo.

Baada ya hapo wakaja kwenye hesabu. Kaukwe watu wanakopana: mbegu, majembe, tope zuri la kulalia karibu na mto. Deni linakua kwa riba ya kila mwaka, ulale usilale. Mtaniuliza, kwa nini deni likue mtu akiwa amelala? Kwa sababu sheria hiyo iliandikwa kiangazi, na kiangazi hapakuwa na mtu macho wa kuipinga. Sasa kiangazi kimekwisha, watu wanatoka kwenye tope wamekonda, macho hayajazoea mwanga. Mkeshaji amesimama juu ya mwamba, majivu kichwani, sauti imekauka, anawatangazia: "Ndugu zetu, mmelala miaka tisa."

Ilikuwa minane.

Mmoja tu, ndugu zangu. Wameongeza mmoja tu. Hawakuongeza mitano. Mwizi wa mitano hukamatwa. Mmoja unaingia mle mle kwenye "au". Na huo mwaka mmoja, kwa watu wote, kwa madeni yote, unatosha kununua bonde zima.

Mnadhani nimezibuni hizi akili? Mimi sina akili hizo. Nimezitoa kwenye pamba.

Wazee waliokuwepo wanakumbuka, na wengine mlisimuliwa na baba zenu. Usukuma ya miaka ya 1940 kuelekea 1950, pamba ndiyo kila kitu. Mkulima analima, anapalilia, anachuma kwa vidole mpaka vidole vinachanika, anabeba kichwani au kwa punda mpaka kwa mnunuzi. Na pale kwa mnunuzi kuna mizani. Mizani ni ya nani? Ya mnunuzi. Anayeisoma ni nani? Ni mtu wa mnunuzi. Anayeandika ni nani? Ni huyohuyo. Mkulima anaambiwa ratili kadhaa, anapokea hela, anageuka. Mpimaji hana haja ya kuiba mzigo. Ratili chache kwenye kila mzigo, basi. Mzigo mmoja haujui. Mkoa mzima ndio unaojua, lakini mkoa mzima hausimami mbele ya mizani siku moja. Wanasimama mmoja mmoja.

Walifanya nini? Karibu na 1950 wakulima na wafanyabiashara Waafrika wakaweka wapimaji wao wenyewe, wasimame kando ya mizani ya mnunuzi na kusoma naye. Kitu kidogo kama hicho! Mtu wa pili wa kusoma mshale. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya ushirika, na kijana Paul Bomani, mzaliwa wa 1925, akawa kati ya waliovizungukia vijijini kuvijenga. Ilipofika 1955 kulikuwa na shirikisho zima la vyama, lile tuliloliita VFCU, yaani Victoria Federation of Co-operative Unions, na wakati wa uhuru lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe akaja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi iliyopata uhuru. Mambo haya yalifanywa na watu wa hapa, wenye baiskeli na kalamu.

Mwandishi wa haraka angeifunga hadithi hapo, wapigwe makofi. Mimi naomba msipige. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza ushirika, kwa sababu sasa wakulima walikuwa wanalalamikia vyama vyao wenyewe: makato, makarani, hela zisizojulikana zimekwenda wapi. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 60 lile shirikisho likavunjwa, mahali pake kikaja chama kingine cha ushirika, Nyanza. Simhukumu mtu, walikuwepo waaminifu wengi, na sababu za kuvunjwa zilikuwa na siasa yake pia. Ninachokitazama mimi kama mtunga hadithi ni hiki: yule aliyewekwa kuitazama mizani, baada ya miaka kumi na kitu, mizani ilikuwa mkononi mwake. Naye alikuwa ameanza kwa sadaka. Naye aliimbiwa.

Kwa hiyo nikiwaambia Wakeshaji walianza kwa kupigiwa kura huku mji unalia, msinione natafuta huruma. Natafuta ukweli wa jambo.

Kuna kitu kingine juu ya Wakeshaji, na hiki nitakipitia upesi. Wana mayai. Namaanisha wana mayai ya watu wote. Kaukwe mtu hawezi kulala na yai lake kwenye tope, litaoza. Kwa hiyo mayai yanakaa mapangoni, kwenye baridi, chini ya ulinzi wa Wakeshaji. Hawajawahi kumtishia mzazi hata mmoja. Kwani kuna haja? Nililitoa hilo kwa furu wetu, wale samaki wadogo wa ziwani. Furu jike wengi wa ziwa hili hutunza mayai na watoto mdomoni. Watafiti Waholanzi kutoka Leiden, waliokuja kuwachunguza furu kwenye ghuba yetu ya Mwanza kuanzia miaka ya 1970, waliwakuta pia furu wengine ambao chakula chao ni hao watoto. Wapo wanaomgonga mama pua mpaka awateme. Hawamng'ati yeye. Wanagonga pale anapolinda. Bahati mbaya furu wengi wa kila namna walipotea sangara alipojaa ziwani miaka ya 1980, kwa hiyo waandishi tumepoteza walimu wengi wa ujanja kabla hatujamaliza kuwasoma.

Sasa niwaulize tena. Watu wa Kaukwe wakikasirika, wanamkasirikia nani? Maana hata mjinga anakasirika. Mavuno yakiwa mabaya, tope likiwa halitoshi, hasira lazima iwe na anwani.

Wakaukwe wana mfalme. Nimewapa mfalme mzuri, mnene, mwenye taji la magamba. Na mfalme huyu analala kama wengine wote! Akiamka, naye anaambiwa ni miaka tisa, naye anaamini. Watu wakikasirika wanamwondoa mfalme, na Wakeshaji wanasaidia kumchagua mwingine, kwa masikitiko makubwa.

Hii nayo si yangu. Katika himaya nyingi za Usukuma, kabla ya Waingereza kubadilisha utaratibu, utemi ulikuwa unapita kwa upande wa mama. Mtoto wa mtemi mwenyewe hakurithi kiti. Ila watoto hao na uzao wao ndio waliokuwa banang'oma, na banang'oma ndio waliomchagua mtemi. Hawakukaa kwenye kiti, walichagua wa kukaa. Na mvua ikikataa, nani aliyefukuzwa? Mtemi. Aliyekuwa na ngozi ya simba mabegani ndiye aliyebeba lawama ya mawingu. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na ukienda makumbusho ya Wasukuma ya Bujora utayaona mavazi na ngoma na viti vya watemi vimetunzwa vizuri. Nenda uvitazame. Halafu jiulize viti vya banang'oma viko wapi. Hawakuwa na haja ya kiti cha maonyesho.

Mwalimu mwenzangu wa historia amenikunjia uso. Anataka niseme kwamba banang'oma walikuwa pia kizuizi kwa mtemi dhalimu. Ni kweli kabisa. Nimesema. Na tena ndiyo utamu wa kundi la namna hii kwa mwandishi: ukiliondoa, hujui kama nchi itapona au itaanguka.

Nimalizie na dada Tumba, kisha tunywe chai, naona birika limeshafika.

Tumba ni mchimba makaburi wa Kaukwe. Kila masika yakianza, kazi yake ni kuwatoa waliokufa usingizini na kuwazika juu, mahali pakavu. Sasa, samaki ana vijiwe ndani ya kichwa, sehemu ya sikio. Vijiwe hivyo hukua tabaka juu ya tabaka, na wataalamu wa samaki huvikata na kuhesabu zile duara kama wanavyohesabu za mti, wapate umri. Wakaukwe nao nimewapa vijiwe. Usingizini kijiwe kinaongeza mstari mmoja mwembamba mweusi kila mwaka. Fuvu moja likamvunjikia Tumba mkononi, kijiwe kikapasuka, akaona mistari. Akahesabu. Minane. Akafikiri amekosea. Akavunja fuvu la pili, na haya ni makosa makubwa kule kwao, akiwa analia anaomba radhi kwa marehemu. Minane. La tatu, minane. La ishirini, minane.

Akaenda sokoni akasimama juu ya kapu akasema: tumelala minane.

Katika miswada yenu kumi na mmoja, Tumba angeuawa usiku uleule. Nimehesabu, wamekufa tisa. Lakini jamani, mjanja anayeua mtu aliyesimama sokoni ana ujanja gani? Kesho kila mtu atavunja fuvu ahesabu.

Wakeshaji walikuja nyumbani kwa Tumba mchana kweupe, na zawadi. Mkubwa wao alipiga magoti. Alilia, na machozi yake yakachora mistari kwenye majivu. Akasema: "Binti yetu, tumekesha tumechoka, tumekosea hesabu. Tunakushukuru. Kuanzia leo hesabu isiwe yetu peke yetu." Wakajenga Nyumba ya Vijiwe, ya mawe, yenye ngazi. Wakamwomba Tumba awe mkuu wake. Na kwa heshima ya marehemu, ambao Tumba mwenyewe aliwalilia, ikatangazwa kwamba fuvu haliguswi ila na aliyesoma Nyumba ya Vijiwe miaka saba. Watu walishangilia. Nani asishangilie? Ni haki imepatikana!

Kiangazi kilichofuata kilipoisha, Mkeshaji alisimama juu ya mwamba akatangaza: miaka tisa, na vijiwe vimethibitisha.

Je, Tumba alidanganya? Alidanganywa? Alihesabu mwenyewe, au alisaini tu? Aliona mwaka mmoja si kitu, maana sasa ana wanafunzi arobaini wa kuwalisha? Hapo kalamu yangu imesimama tangu mwezi wa nne. Nimeandika miisho minne na yote nimeichana. Ndiyo maana nimekuja kwenu leo na mswada wenye mkia uliokatika.

Asanteni kwa kunisikiliza. Wabeja sana.

Hapo hotuba ilikwisha, tukanywa chai. Ila nawaandikia na kilichofuata, kwa sababu waliokosa hawatakipata kwa mwingine. Yule mama wa ndoo alinyoosha mkono. Nikamwambia, mama, nadhani swali lako la mlangoni nimelijibu. Akasema, "Hilo umejibu. Nina lingine. Huyo Tumba anadaiwa?"

Nikamwomba arudie.

"Nauliza anadaiwa? Maana mimi mtu akiletewa cheo nyumbani na watu wanaolia, siulizi cheo. Nauliza deni lake liko kwa nani."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeandika kurasa mia mbili za sayari yenye madeni na sikuwahi kufungua daftari la Tumba. Nikamjibu kwamba sijui. Akasema, "Basi kajue," akachukua ndoo yake, maana dagaa walikuwa bado wako juani.

Nilipofika nyumbani Nyegezi umeme ulikuwa umekatika. Niliweka simu juu ya glasi inimulikie, nikachana ukurasa wa kwanza, nikaanza upya: "Tumba alirithi vitu viwili kwa baba yake, jembe la kuchimbia makaburi na deni la masika matatu."